Kosa la Kituo cha Tatu

Jumatano, 14 Juni 1995

Mvua tangu asubuhi. Nimechonga penseli tatu kwa ajili ya mchezo wa Jumapili. Euphrasie alinikuta mezani kabla hajaenda kazini hospitalini. Akacheka. Papa, unajitayarisha kama siku za examen d'État, ule mtihani wa mwisho wa sekondari! Binti yangu ananijua.

Acha niandike kwa utaratibu. Nikifika miaka themanini nitataka kukumbuka ilikuwaje mwalimu wa hesabu kutoka Butembo akawa karani wa mchezo wa besiboli hapa Jette, kwa Wabelgiji.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nikitembea kando ya msitu wa Laerbeek, maana daktari aliniagiza kutembea. Uwanjani watu walipiga kelele. Mzee mmoja Mbelgiji hakupiga kelele wala makofi. Alikuwa anaandika. Nilimuuliza anaandika nini. Alisogea tu kwenye benchi ili nikae. Alinifundisha majira yote ya joto. Mwaka jana macho yake yalikwisha, akaniachia kiti na kibao chake cha kuandikia.

Karatasi yenyewe ni hivi. Kila mpigaji ana mstari wake. Kila duru ina safu yake. Kila mchezaji uwanjani ana nambari kufuatana na mahali anaposimama: mrushaji ni moja, mdakaji ni mbili, kituo cha tatu ni tano. Mchezo ukiisha, alama zote hizo hupunguzwa kuwa jedwali dogo: nani alipiga mara ngapi, nani alifunga, nani alikosea. Mtu ambaye hakuwepo akilisoma anauona mchezo tena, mpira kwa mpira. Nimesoma vitabu vya historia visivyoweza kufanya hivyo.

Jumapili ni muhimu. Ghislain, mrushaji wetu, mtoto wa Banza wa Lubumbashi, amepata barua kutoka klabu moja ya Uholanzi. Huko wachezaji wanalipwa. Wanamwita kwenye majaribio tarehe 24, aje na jedwali la mchezo wake bora. Barua inasema wazi: warushaji wazuri tunao tayari, tuonyeshe kitu cha pekee. Kijana ana miaka ishirini na moja. Anafua mashuka katika hospitali moja kule Woluwe. Anarusha mpira kama mtu anayefunga mlango kwa hasira.

Kituo cha tatu atasimama Jean-Marie. Yeye ni mtu wetu wa Butembo, miaka thelathini na minne, anatunza wazee katika nyumba ya mapumziko. Goti lake la kushoto limechoka. Kocha amesema kosa moja zaidi na atamweka benchi.

Jean-Marie alikuwa mwanafunzi wangu. Ndiyo maana uwanja mzima unaniita Préfet, yaani mkuu wa shule, yeye ndiye aliyeanza. Darasani hakuwa Jean-Marie. Miaka ile majina ya Kikristo yalikatazwa, kwenye daftari langu aliitwa Muhindo. Hatujawahi kuzungumza habari za shule. Sijui anakumbuka kiasi gani.


Jumapili, 18 Juni 1995

Tumeshinda mbili kwa sifuri. Lakini si hilo.

Naandika kabla ya kula. Ghislain amecheza duru tisa, na jedwali linasema timu ya Mechelen haikupata hata pigo moja halali. Hata moja! Mzee aliyenifundisha alikaa kwenye kiti kile miaka kumi na tisa bila kuona jambo hilo.

Jedwali linasema. Mimi ndiye niliyeliandika.

Niende polepole. Duru sita za kwanza, hakuna pigo. Watu watatu alio­waruhusu kwenda kituo cha kwanza bila kupiga, basi. Duru ya saba, mpigaji wao wa nne, mtu mnene mwenye ndevu, alipiga mpira wa chini kuelekea kituo cha tatu. Mkali sana. Jean-Marie alikwenda hatua mbili kulia, karibu na mstari mweupe. Aliinama. Mpira ukagonga ukingo wa nyasi, ukaruka, ukagusa ncha ya glavu yake, ukapita. Mnene akafika kituo cha kwanza anahema.

Hapo karani anaamua. Kama mchezaji angeweza kuukamata kwa juhudi ya kawaida, ni kosa lake, na mrushaji hana deni. Kama hangeweza, ni pigo halali. Maneno ya kanuni ndiyo hayo: juhudi ya kawaida. Kugusa glavu hakuthibitishi chochote.

Niliandika H. Pigo. Mara moja, bila kufikiri. Kwa penseli.

Banza akaja nyuma ya kiti changu, anatokwa jasho kana kwamba yeye ndiye anayerusha. 

“Vieux, wamepiga ngapi?”

Nilifunika karatasi kwa mkono. Nilimwambia karani hasemi kabla ya mwisho.

“Ah, Papa Préfet! Unificha mimi pia? Mimi muzazi!”

“Hasa wewe.”

Victorine, mke wake, akamvuta shati. “Banza, acha muzee atumike. Kuja huku, unamujazia moshi.”

Duru ya nane, hakuna. Ya tisa, hakuna. Mtu wa mwisho alipiga hewa mara tatu, na Ghislain akapiga magoti kwenye vumbi. Wote walimkimbilia. Jean-Marie alifika wa mwisho, akichechemea, na ndiye aliyemnyanyua.

Nilibaki peke yangu na karatasi. Nikafanya délibération.

Hakuna neno jingine. Kule kwetu, mwisho wa mwaka baraza la walimu lilikaa mbele ya alama za kila mwanafunzi. Hatukutazama alama tu. Tulimtazama mtoto mzima: bidii yake, nyumba anayotoka, anakoelekea. Mwenye arobaini na nane au arobaini na tisa kwa mia tuliweza kumpandisha hadi hamsini. Kifaransa huita repêchage, yaani kumvua mtu majini kama samaki. Nimeongoza mabaraza hayo miaka ishirini na mbili.

Nilitazama duru zote tisa. Nilimtazama kijana mwenye vumbi magotini. Nilisema moyoni: Jean-Marie aliugusa mpira, sivyo? Nikafuta H. Nikaandika E5. E ni kosa, tano ni kituo cha tatu.

Kisha nikasimama na kutangaza.

Kelele! Banza alinibusu kipara.


Jumatatu, 19 Juni 1995

Nimehakiki jedwali. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote. Besiboli ina hesabu inayojikagua yenyewe. Wapigaji wote waliosimama mbele ya mrushaji lazima wawe sawa na waliofunga, jumlisha waliobaki vituoni, jumlisha waliotolewa. Ikizidi mmoja au kupungua mmoja, umekosea mahali. Kwa Mechelen: mara ishirini na nane za kupiga, na watatu walioruhusiwa. Thelathini na moja. Upande wa pili: waliofunga sifuri, waliobaki wanne, waliotolewa ishirini na saba. Thelathini na moja.

Sawa kabisa. Nikajisifu.

Halafu, kwa tabia tu ya ualimu, nikajaribu upya kwa kuweka H pale penye E5. Ishirini na nane na tatu. Sifuri, nne, ishirini na saba. Thelathini na moja.

Nimekaa na hilo kwa muda mrefu, chai imepoa. Mtu aliyefika kituoni kwa pigo na aliyefika kwa kosa la mwingine, hesabu inawapokea sawa. Ukaguzi unashika kosa la mkono. Haushiki kosa la moyo! Hakuna kitu kwenye karatasi nzima kinachoweza kunishtaki isipokuwa alama ndogo ya kifutio, duru ya saba, mstari wa nne.

Banza amepiga simu mara mbili. Mara ya kwanza kuuliza kama nakala iliyopigwa muhuri wa klabu iko tayari. Mara ya pili kuuliza tena. Jioni Ghislain mwenyewe alikuja kuichukua. Aliishika kwa mikono miwili. Alisoma safu yake ya sifuri kwa kidole, mpaka mwisho, kama mtoto anayejifunza silabi.

“Aksanti, Papa. Sitasahau.”

Nilimwambia alirusha vizuri. Hilo ni kweli.


Jumanne, 20 Juni 1995

Jean-Marie alikuja saa tisa, ametoka kazini, bado amevaa viatu vyeupe. Amenunua ndizi za kupika kwa Euphrasie. Nilimtengenezea kahawa. Alizungumza habari za mvua, za wazee wake, za bibi mmoja wa Flandria anayemwita kwa jina la mumewe aliyekufa na yeye anaitika. Alicheka sana. Kisha:

“Bon, Préfet. Kocha aliona feuille yako ya mchezo. Anasema Jumapili nitakaa ku banc.”

Nilimwongezea kahawa.

“Sikuje kulalamika, hein. Ni goti, si weye. Lakini nauliza tu. Ule mupira, uliona naweza kuukamata?”

Nilimweleza kanuni. Juhudi ya kawaida, glavu, ukingo wa nyasi. Nilieleza vizuri sana. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya darasani, na nikajua kwamba nilikuwa naeleza ili nisijibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama zamani. Halafu akatabasamu.

“Basi ni mara ya pili, Préfet.”

“Mara ya pili ya nini?”

“Mara ya kwanza ilikuwa soixante-dix-sept. Quarante-neuf pour cent. Unakumbuka?”

Nakumbuka. Sabini na saba, arobaini na tisa kwa mia. Mungu wangu, nakumbuka.

Alinigusa bega. “Tuache. Mutoto wa Banza akifika Hollande, nitasemaka kosa langu ndilo lilimufikisha. Kwani wangapi wanaweza kusema vile?” Akaondoka. Nilimsikia kwenye ngazi, hatua moja nzito, moja nyepesi, ghorofa tatu.


Jumatano, 21 Juni 1995

Niandike, basi.

Julai 1977. Wanafunzi wawili wa mwaka wa nne wenye arobaini na tisa kwa mia. Baraza lilikubali kumpandisha mmoja tu kwa kila darasa, ili shule isionekane ya huruma. Muhindo alikuwa anarudia mwaka. Akishindwa tena, anafukuzwa. Yule mwingine alikuwa na maneno mazuri, Kifaransa safi. Nilisema mbele ya wenzangu: huyu anaonekana atafika mbali. Walinifuata. Siku zote walinifuata.

Siku ya kutangaza matokeo nilisimama barazani, wazazi uwanjani. Desturi ni kusoma majina ya waliofaulu tu. Aliyeshindwa hatajwi. Anasimama akisikiliza, herufi inapita, anaelewa. Nilitoka jina moja nikaenda jingine. Sikuinua macho.

Mwaka 1977 nilimwacha Muhindo nje ya orodha. Jumapili nimemwandika ndani. Ni tendo lile lile. Mtu anavuliwa majini, na ninayemkanyaga ili nisimame vizuri ni huyu huyu!

Délibération haikuwa mbaya. Nataka kuwa mwadilifu hata juu ya hilo. Iliokoa watoto wengi, wengine ni madaktari leo. Kwa kawaida alama ya mmoja haikutolewa kwenye mfuko wa mwenzake. Ile nafasi moja ndiyo iliyoharibu mambo. Na kosa la besiboli ni hivyo hivyo: haliwezi kubaki hewani. Lazima likae penye jina la mtu.

Nijiulize kwa lugha ya kanuni. Mtu wa miaka thelathini na minne mwenye goti bovu, hatua mbili kulia, mpira unaoruka kwenye ukingo. Juhudi ya kawaida? Hapana. Hata mwenye magoti mazima hangeukamata. Niliuona kwa macho yangu na mkono ukaandika kweli kabla sijauzuia.


Alhamisi, 22 Juni 1995

Kanuni ya ligi yetu: karani anaweza kubadilisha uamuzi wake ndani ya siku tano, kwa maandishi, akieleza sababu. Siku ya tano ni kesho.

Nimeandika jedwali jipya. Kwa wino. Duru ya saba, mstari wa nne: H. Kwenye safu ya makosa, Jean-Marie: sifuri. Kwenye safu ya Ghislain: pigo moja.

Moja katika duru tisa! Mwenye macho ataona ni mchezo wa ajabu. Lakini si “kitu cha pekee”. Warushaji wa pigo moja watakuwa nao huko Uholanzi.

Sababu ilinichukua karatasi nne. Ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, nikaichana. Iliyobaki ni hii: “Niliamua sawa mara ya kwanza, kisha nikabadilisha bila haki.” Nikatia sahihi.

Nilimpigia Ghislain. Victorine akapokea. Kabla sijasema neno alianza: Papa, amenunua koti mupya! Papa, kule kanisani maman Régine wa kwaya amesimamisha nyimbo ili watu wamuombee! Papa, Banza hakulala! Tumesema kwa Papa Préfet tutaleta mboga ya fumbwa, sufuria mzima!

Nilimsalimu. Nikaweka simu chini.

Mwoga. Niliandika neno hilo kwenye ripoti za watoto, “mwanafunzi ni mwoga”. Sikujua nasema nini.

Baadaye Euphrasie aliniuliza kwa nini sili. Nilimweleza yote. Yeye huelewa haraka kuliko baba yake. Alisema: Papa, barua ni ya ligi. Mutoto, unapaswa kumwambia kwa mdomo. Na Jean-Marie pia.

“Jean-Marie nitamwambia nini?”

“Jina lake, lile ambalo hukulisoma,” alisema, akaenda kuosha vyombo.


Ijumaa, 23 Juni 1995

Nimeipeleka barua mwenyewe kwa katibu wa ligi, kwa tramu. Amepiga muhuri na tarehe, bila kusoma. Kocha nimempigia pia. Akasema kwa ukali kwamba makarani wa kweli hutumia wino tangu mwanzo. Ana haki.

Jean-Marie yuko kazini mpaka jioni. Kwa Banza simu inalia tu, hakuna mtu. Watakuwa wanazunguka kuaga, kana kwamba kijana anakwenda Amerika.

Treni ni kesho saa nne kasoro robo asubuhi. Stesheni ya Gare du Midi. Nitakwenda.


Jumamosi, 24 Juni 1995

Naandika kwenye benchi, jukwaani. Nimefika saa nzima kabla, desturi ya mitihani. Jedwali la wino liko mfuko wa ndani wa koti, limekunjwa mara moja tu ili lisiharibike.

Nimejaribu kupanga maneno. Nilitaka kuanza na kanuni. Hapana. Nikaanza na mwaka 1977. Hapana, hilo ni la Jean-Marie. Kwa Ghislain nitasema: mwanangu, karatasi uliyo nayo nimeifuta. Hii ndiyo ya kweli. Uonyeshe hii. Akiuliza kwa nini nilimpa ile ya kwanza, nitasema: kwa sababu nilikupenda vibaya. Akiichana mbele yangu, nitakuwa na nakala nyingine nyumbani. Nitampa hiyo pia.

Na kama akisema, Papa, Waholanzi hawatajua? Ni kweli, hawatajua. Hesabu inakubali. Thelathini na moja kwa thelathini na moja. Sina hoja ya kumshinda nayo. Nina goti la mtu mmoja tu.

Dakika kumi na mbili.

Mwanamke mwenye mifuko amekaa karibu, ameniuliza kama hii ni treni ya Rotterdam. Nimemweleza vituo vyote mpaka mwisho. Ameshukuru na kusogea kidogo.

Dakika tisa. Nawaona, wanapanda ngazi. Banza mbele, tai nyekundu, anaongea na kila mtu. Victorine na kapu la chakula cha watu kumi. Ghislain katikati, koti jipya, jedwali mkononi ndani ya plastiki. Ameniona! Analiinua juu ili nilione.

Nyuma yao kuna mtu wa nne. Sikumtegemea. Anapanda polepole, hatua nzito, hatua nyepesi, anacheka na neno alilosema Banza.

Jean-Marie ndiye aliyebeba begi la Ghislain.